Shati la Mabega Mapana

Kitambaa kilikuwa kikichemka kwenye sufuria kubwa ya supu, na Alevtina alikuwa amemtuma Rodion dukani makusudi. Alimwagiza mkate, malai ya mgando na dawa ya mende, akijua kabisa kwamba dawa ya mende haipo duka la karibu. Alitaka kijana akawie.

Katika densi ya barafuni, gauni la msichana na shati la mwenzake hutiwa rangi chungu kimoja. Ukivitia mbalimbali, chini ya taa za uwanjani kimoja kitaonekana kimepauka na kingine kimeiva, na waamuzi wana macho. Kwa hiyo Alevtina alikuwa amevizamisha vyote viwili pamoja, anakoroga kwa mwiko, rangi ya damu ya mzee ikimrukia hadi viwikoni.

Gennady, mumewe, aliingia akachungulia sufuriani kama mtu anayetafuta nyama.

"Hilo shati la nani?"

"La Rodya," alisema; nyumbani Rodion aliitwa hivyo.

Gennady akachukua mwiko, akalinyanyua shati likichuruzika. "Rodya hana mabega haya. Humu anaingia Rodya na mwenzake."

"Nipe mwiko wangu, Gena."

"Nakuuliza la nani."

Alevtina alikuwa fundi cherehani aliyesomea kazi yake chuoni, na nusu ya watoto wanaoteleza pale Izhevsk walivaa alichoshona yeye. Hakuzoea kuzungukazunguka. Akaurudisha mfuniko.

"La Tikhon. Yule kijana wa Moscow. Haya, umeshajua."

Gennady akavuta stuli, akakaa. Majuma machache nyuma mkewe alikuwa amempeleka binti yao Ustya Moscow kwa treni, na Rodion akaambiwa wanakwenda kwa daktari wa magoti. Hapakuwa na daktari. Palikuwa na uwanja wa barafu, kijana mrefu anayeitwa Tikhon aliyeachwa na mwenzake, na kocha aliyetazama wawili hao wakizunguka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akasema msichana anafaa. Lakini aje na cheo cha Umahiri wa Michezo mkononi. Bila cheo asifunge safari. Cheo kingepatikana Jumamosi hii, hapa nyumbani, kwenye mashindano ya mwisho ya msimu. Akiteleza na Rodion, mwenzi wake wa siku zote.

"Kwa hiyo Jumamosi unamtumia, Jumapili unamtupa," Gennady alisema.

"Simtupi. Jumapili namwambia."

"Tofauti yake nini?"

"Nikimwambia leo atateleza vibaya, na binti yako atabaki mikono mitupu. Ustya amerefuka, Gena. Amemfikia Rodya kwenye nyusi. Rodya akimbeba wanafanana na sisimizi na kijiti. Nani atampa alama sisimizi?"

"Na jeshi je? Ana miaka kumi na tisa, umri wa kuitwa kwa lazima."

"Watamchukua kikosi cha michezo."

"Mcheza densi asiye na mwenzi, kikosi cha michezo kitamfanyia nini? Atasafisha vyoo."

"Wengi wamesafisha vyoo wakarudi wazima. Wewe hukusafisha?"

"Mimi sikuwa nimeahidiwa kitu na mtu." Gennady aliongea polepole, macho yake yakiwa kwenye sufuria. "Mwaka jana, yule mama wa Kazan mwenye kabinti kadogo, si alimtaka Rodya ateleze nako? Nyumba, viatu, kila kitu. Nani alimkalisha hapa hapa? 'Rodya mwanangu, katika nyumba hii mkate ukikatwa, kipande chako kipo.' Nilikuwa naosha kikombe. Nikajisikia vizuri, nakwambia. Nikasema, kumbe nimeoa mtu."

Alevtina akamnyang'anya mwiko, akafunua sufuria, akakoroga. Mlango wa nje ukafunguka, viatu vikakung'utwa theluji, na Rodion akaingia na mfuko, masikio mekundu kwa baridi.

"Shangazi Alya, dawa ya mende hawana. Nimezunguka maduka yote mpaka kule kwenye kituo cha tramu. Nitajaribu tena kesho." Akanusa. "Unatia rangi nini?"

"Mapazia."

"Nikukorogee? Mkono wako wa kulia si unakusumbua."

"Nenda kanywe chai," Alevtina akasema. "Hapa pana mvuke."

*

Vijana wa densi ni wachache na wasichana ni wengi. Ndiyo maana upande wa msichana ndio unaogharimia. Rodion aliletwa kutoka Ukhta akiwa na begi moja, na mama yake, mpishi wa wachimba mafuta huko kwenye kambi za kaskazini, alikuwa amelia kwenye simu kwa furaha. Gennady aliuza gereji yake ili wote wawili wapate viatu vya barafu. Gari likafuata gereji. Rodion alilala kwenye kochi la sebuleni, akawaita shangazi na mjomba ingawa hawakuwa ndugu, akamenya viazi, akajifunza kushika pini mdomoni na kunyoosha pindo. Kapitolina wa ghorofa ya pili kila akikutana na Alevtina ngazini alimuuliza jambo lile lile.

"Mkwe hajambo?"

"Si mkwe. Ni mwenzi wa Ustya wa mchezo."

"Aa. Anakula kwenu, analala kwenu, anamkumbatia binti mara mbili kwa siku. Mimi wa kwangu alifanya hivyo hivyo, tukamwita mkwe."

Alhamisi hiyo Kapitolina aliuliza tena, na Alevtina, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alipita akijifanya anatafuta ufunguo.

Uwanjani, Eleonora Markovna, kocha wao, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa barafu na koti lake la manyoya yaliyonyonyoka. Alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, na watoto walimwogopa zaidi pale alipoongea taratibu. Alisimamisha muziki.

"Ustya, unaangalia wapi?"

"Kwa Rodya, Eleonora Markovna."

"Rodya yuko chini zaidi. Unaangalia nywele zake."

Rodion akacheka. "Nywele zangu nzuri, Eleonora Markovna, mwache."

"Wewe nyamaza. Tena, toka mwanzo."

Wakaanza tena. Kwenye mzunguko wa kwanza Ustya alishusha macho, akamtazama Rodion sawasawa. Kwenye wa pili macho yakapanda yenyewe, pale yalipozoeshwa Moscow, juu ya kichwa cha Rodion, kwenye uso ambao haukuwapo. Kocha akauacha muziki uendelee. Akatembea hadi kwenye viti, akakaa kando ya Alevtina, karibu mno.

"Alevtina Yuryevna, kijana ana urefu gani?"

"Rodya? Si unamjua…"

"Huyo ambaye binti yako anamtazama."

Alevtina akageuka kutazama barafu. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na alikaa pale kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Sielewi unachosema, Eleonora Markovna."

"Unaelewa. Kuondoka si dhambi. Wote huondoka, mimi ni kituo tu. Lakini kuna utaratibu. Mtu unamwambia mwenzi wako kwanza, halafu ndiyo unakwenda kujaribiwa. Hata wezi wa farasi wana utaratibu." Akafunga kifungo cha koti. "Rodya anajua?"

"Atajua."

"Baada ya Jumamosi."

Alevtina aliinama kutafuta glavu yake chini ya kiti.

"Mwambie basi binti yako ajifunze kushusha macho," kocha alisema akiinuka. "Kama mnamwibia, mwibieni vizuri."

*

Ijumaa jioni walikula pelmeni, vipande vya unga vilivyojazwa nyama na kuchemshwa. Matango ya chumvi yaliwekwa kwenye roshani, kwenye ndoo chini ya kamba ya kuanikia, kwa sababu friji ilikuwa ndogo, na Alevtina alikuwa ameyasahau. Ustya ndiye aliyesema, "Matango yako wapi?" na Rodion akainuka kabla mtu hajamzuia. Alikuwa mwepesi wa kuinuka, yule kijana.

Akakawia huko nje. Kisha akaingia bila matango.

Alikuwa amevaa shati. Mikono ya shati ilimfunika vidole, na mabega yaliteremka hadi nusu ya mkono kama nguo ya baba mtu. Mkono mmoja alishika gauni jipya la Ustya, lililokauka, rangi ile ile.

"Mapazia," Rodion akasema, akitabasamu kwa haya. "Samahani, Shangazi Alya. Nimekuharibia siri yako. Nilidhani kesho tunavaa yale ya bluu ya mwaka jana."

Gennady akaweka uma mezani. Ustya aliitazama sahani yake.

"Kubwa kidogo," Rodion aliendelea, akikunja mikono ya shati. "Lakini najua umekata kwa makadirio ili nisishtuke nikipimwa. Haidhuru. Mabega nitayajaza, nipe muda tu. Nitakula pelmeni za Mjomba Gena."

Hapo ndipo pangefaa kusema. Alevtina alijua hivyo wakati ule, si baadaye. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mafupi, kama alivyozoea: shati si lako, mwanangu, kaa nikueleze. Akaitazama saa ya ukutani. Akamtazama binti yake. Akaamka, akachukua mto wa pini.

"Simama wima," akasema. "Nyoosha mikono."

Gennady akatoka kwenda kuvuta sigara ngazini, akaufunga mlango kwa nguvu iliyotikisa vikombe. Rodion alisimama katikati ya jikoni, mikono imenyooshwa kama sanamu la shambani, na Alevtina akapiga magoti mbele yake, akabana mbavu, akabana mabega, akabana tena.

"Nakuchoma?"

"Hunichomi."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, Shangazi."

Simu ilipolia, Rodion akaijibu vilevile, amejaa pini. Alikuwa mama yake. "Mama, siwezi kukaa, najaribishwa nguo. Shangazi Alya kanishonea shati jipya kwa siri. Ndiyo. Rangi nzuri sana. Ndiyo, nitamwambia." Akageuka. "Mama anasema Mungu aibariki mikono yako."

"Mwambie asante," alisema Alevtina kutoka sakafuni.

Rodion alipokwenda kuoga, Ustya akaja kusimama kwenye cherehani. "Mama, mwambie."

"Jumapili."

"Atalivaa kesho mbele ya watu. Atafurahi, Mama. Sitaki afurahi."

"Ungemwambia wewe. Mdomo unao. Mnashikana mikono kutwa, ungemwambia."

Ustya akaokota pini sakafuni. Macho yalimjaa machozi. Alikuwa na uoga ule ule wa mama yake, ila wa kwake ulikuwa mchanga.

Alevtina hakuwasha cherehani. Kushona kwa cherehani huacha matundu, na kukata mabega ni kukata kabisa. Alichukua uzi wa hariri kutoka kwenye kikasha chake cha akiba, uzi mwembamba uliofanana na kitambaa, na akalipiga shati bandi kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ikunje nguo kwa siku moja na kufumuliwa bila alama. Kwa nje lilionekana limeshonwa. Fundi mzuri anajua kuficha. Aliponyoosha kwa pasi, alichunga mikunjo isikae sana, maana kabla ya Jumatatu ingebidi itoke.

*

Kwenye chumba cha kubadilishia, Rodion aliligeuza shati ili alivae, na kidole chake kikapita ndani ya bega.

Aliishi miaka mitatu kwenye nyumba ya fundi. Alijua bandi ni nini na hupigwa lini. Alijua pia kwamba uzi wa hariri hautolewi kwenye kikasha ovyo. Hutolewa pale tu kitambaa kisipotakiwa kubaki na matundu. Akapitisha kidole bega la pili, kisha mbavuni. Pote palikuwa hivyo. Akaigeuza kola, akaipima shingoni kwake kwa mkono; ikapwaya. Kisha akakaa kwenye benchi kwa muda, kati ya vijana wanaofunga kamba za viatu na kutaniana, na mmoja akamwambia, "We Rodya, umevaa kama waziri leo," naye akasema, "Eeh." Akalivaa, akafunga vifungo vyote vya kifuani.

Walikuwa wanangoja kuitwa, wawili hao, kwenye lango la barafu. Eleonora Markovna alikuwa hatua chache nyuma yao.

"Ana urefu gani?" Rodion aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye shati."

Ustya alishika ukingo wa lango. Kutoka kwenye viti, Alevtina aliona tu kwamba binti yake ameinamisha kichwa.

"Mita moja na themanini na nne," Ustya akasema.

"Mrefu. Atakufaa." Rodion alivuta mkono wa shati, akaunyoosha. "Daktari wa magoti huyo."

"Rodya, nilitaka…"

"Usilie, rangi ya macho itachuruzika, na mama yako aliamka alfajiri kukupaka. Sikiliza. Sasa hivi niangalie mimi. Basi. Ukimaliza, angalia unakotaka."

Wakaitwa.

Watu waliokuwapo walisema hawajawahi kuwaona wakiteleza vile. Ustya hakuinua macho hata mara moja. Alimtazama Rodion kwa namna iliyowafanya wanawake wawili kwenye viti vya mbele ya Alevtina waanze kunong'onezana kwamba hao lazima wanapendana, wanaonekana, mtu hawezi kuigiza vile. Rodion alimwinua akiwa juu ya ukingo mmoja wa kiatu, akamzungusha, na kwenye bega la kushoto uzi ukakatika. Sauti yake ndogo waliisikia wao wawili tu. Shati likafumuka upande, kitambaa kikajaa upepo. Hakumshusha mapema. Alimshusha pale muziki ulipotaka.

Alevtina aliliona bega. Waliokuwa kando yake walipiga makofi wakiwa wamesimama, naye akasimama kwa sababu wamesimama, na akapiga makofi kwa sababu wanapiga.

Cheo kilipatikana, na alama za ziada.

Eleonora Markovna alimpita kwenye korido. "Hongera, Alevtina Yuryevna," alisema kwa sauti yake ile ndogo. "Hivi ndivyo anavyocheza mtu anayejua. Nimempigia simu mwenzangu wa Perm, kama atakuwa na msichana mfupi kwa ajili ya Rodya. Sijui. Amechelewa mwaka mmoja."

*

Hakuhitajika mtu wa kumwambia Jumapili. Asubuhi Alevtina alipoingia sebuleni, kochi lilikuwa limekunjwa, mashuka yamepangwa juu yake, na Rodion alikuwa anafunga zipu ya begi lile lile alilokuja nalo, na la viatu kando.

"Treni ni mchana," alisema. "Ya kwenda Ukhta nitabadilisha Kirov."

"Rodya." Alevtina alisimama akiwa na taulo mkononi. Alikuwa ameandaa hotuba tangu juma lililopita, yenye sababu zote, za urefu na za alama na za umri. "Wewe si mtoto, unaelewa mchezo huu ulivyo."

"Naelewa, Shangazi Alya."

"Ningekwambia leo."

"Najua."

Hakukuwa na la kumshikia. Rodion angepiga kelele, yeye angemjibu. Alevtina alikuwa hodari wa kujibu. Akaenda jikoni akachemsha mayai, akakaanga kuku, akafunga mkate na matango kwenye karatasi. Alimpa akitegemea kwamba atakataa, na kidogo aliomba akatae. Rodion akapokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaweka juu ya begi ili mayai yasivunjike.

Kabla ya safari watu huketi. Ndivyo inavyofanywa kwao: anayeondoka na wanaobaki wanakaa kidogo kimya, ili njia iwe nyepesi, kisha mkubwa wa nyumba anasema, "Haya, na Mungu," na wote wanainuka. Wakakaa ukumbini, Gennady kwenye kisanduku cha viatu, Ustya chini sakafuni, Rodion juu ya begi lake, Alevtina kwenye stuli. Katika nyumba ile maneno hayo huyasema Alevtina. Aliyasema Rodion alipokwenda mashindano yake ya kwanza. Aliyasema walipokwenda Moscow kwa daktari wa uongo.

Wakangoja. Ustya alikuwa analia bila sauti. Gennady aliikunja kofia yake, akaikunjua, akamtazama mkewe. Alevtina alifungua mdomo. Alijua akisema atakuwa anambariki mtu aliyemfukuza, na akinyamaza atakuwa amemfukuza bila baraka, na hakupata neno la tatu.

Rodion ndiye aliyeinuka.

"Haya, na Mungu," alisema. "Mjomba Gena, usije kituoni, kuna barafu, utaanguka."

"Nakuja," Gennady akasema, na akalibeba begi.

Mlango ulipofungwa, Ustya alijifungia chumbani. Alevtina akaenda kwenye cherehani yake, maana Jumatatu asubuhi walikuwa na treni yao, na shati lilitakiwa lirudishwe lilivyokuwa. Alilikuta limekunjwa juu ya meza. Akalikunjua, akachukua mkasi mdogo wa kufumulia, akageuza bega.

Halikuwa na bandi. Wala mbavu hazikuwa nayo. Kila mshono ulikuwa umefumuliwa, taratibu, bila kuvuta kitambaa, bila tundu hata moja. Mabega yalikuwa mapana kama alivyoyakata. Chini ya shati palikuwa na kipande cha karatasi ngumu, na juu yake uzi wa hariri umezungushiwa vizuri, ncha imebanwa kwenye mkato, vile alivyomfundisha mwenyewe, kwa sababu katika nyumba hiyo uzi mzuri hautupwi.

Alevtina akauchukua uzi. Ngazini Kapitolina alikuwa akimuuliza Gennady kitu kwa sauti kubwa, mkwe anakwenda wapi na mabegi, na Gennady akaendelea kushuka.

Shati la Tikhon lilikuwa bado halina vifungo vya mikononi. Alevtina akautia uzi ule sindanoni, akavishona.